Neno Lililovuka Ukuta

Papa Saidi, mwalimu wangu,

Nimevunja ahadi. Nasema mapema kabla sijaanza kuzunguka, maana unanijua, nikiogopa huwa naongea sana. Siku ile kwenye kitanda cha hospitali ya Gihundwe, ulinishika mkono wa kulia ukasema: "Usibadilishe kitu, hata kimoja." Nikajibu kwamba sitabadilisha. Miezi minne haijaisha tangu tukuzike, na tayari nimebadilisha neno.

Ni lile lile mlilogombania na Maman Furaha. Kata. Kwa Wajapani, kata ni ule mfululizo wa hatua tunaoufanya kwa upanga wa mti, moja baada ya nyingine, mbele ya adui asiyekuwepo. Yule mhandisi Mjapani uliyekuwa dereva wake Bukavu alikufundisha hivyo, nawe ukatufundisha hivyo. Ulikuwa unasimama mbele yetu kwenye ghala la zamani la kahawa, wanafunzi kumi na mmoja tumeshika panga za mkaratusi, unapaza sauti: "Kata ya kwanza!" Sisi tulisikia somo. Nyuma ya ukuta Maman Furaha, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, alisikia Kiswahili.

Alikuja mara mbili kukuomba uliache neno hilo. Mara zote mbili ulicheka. "Maman, hii haiko Kiswahili, ni Kijapani," ulimwambia, kana kwamba masikio yake yana forodha kama pale mpakani, Rusizi ya kwanza, na kila neno linalopita lazima lioneshe vitambulisho. Mimi nami nilicheka. Leo naona aibu, Papa, na sitaki kuificha.

Ulipoondoka nikabaki na darasa, mimi fundi cherehani ambaye bado nakosea kusimama. Nikawa napaza sauti kuliko wewe, ili wanafunzi wasijue kwamba naogopa. Maman Furaha hakuja tena mlangoni kwetu. Alikwenda kwa kiongozi wa mtaa wetu, wa akagari. Kiongozi akaniambia bila ukali: Jumamosi, baada ya kazi ya pamoja ya umuganda, uoneshe mbele ya watu mnachofanya mle ndani, halafu tutaamua kama mlango ufungwe. Wiki hiyo nilishona suruali nne vibaya, na ya tano niliikata fupi kabisa.

Jumamosi ikafika. Watu walikaa kwenye majani, majembe yao pembeni, viatu vimejaa udongo. Maman Furaha akasimama wa kwanza. Hakunisema mimi wala wewe. Alisema tu kwamba kule kijijini kwao, ng'ambo ya mpaka, wanaume walioingia nyumbani kwao hawakuwa wengi, na yule aliyebaki mlangoni alisema neno hilo moja, na aliyekuwa mbele ya panga zao ni kaka yake Maman. Kisha akaketi. Nimefanya mazoezi miaka sita ukuta mmoja na huyu mama, nikinunua sambaza zake kila Ijumaa, na sikujua. Je, wewe ulijua? Naogopa jibu, kwa hiyo naendelea.

Nikaitwa. Nikapiga magoti kwenye majani, upanga ndani ya ile ala uliyotengeneza kwa bomba jeusi la maji. Unajua anayeanza hutaja kwa sauti kata anayoifanya. Nilifungua mdomo. Nikaona Maman Furaha hatazami mkono wangu, anatazama mdomo. Nikaufunga.

Nikachomoa kimya. Pigo moja la pembeni, moja la kushuka. Watu wa mbele walirudi nyuma kidogo. Mzee mmoja akalivuta jembe lake karibu na goti, nikamwona. Nilijua hapo kwamba nikikosea kitu kimoja, shule yako imekwisha, na nitakuwa nimeimaliza mimi.

Na nilikosea. Wakati wa kurudisha upanga alani, ncha ikagonga nje ya mdomo wa bomba. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Wewe ungenigonga kifundo cha mkono. Nikatulia pale pale, nikaanza upya polepole, kama siku uliyonipa upanga kwa mara ya kwanza, mpaka ukaingia wote. Nikainamisha kichwa.

Kiongozi akamgeukia Maman Furaha. Mama akasema, sauti ya chini: "Mimi sijaonaka muntu anarudishaka panga."

Yule mzee akaliachia jembe lake.

Kisha Maman Furaha akaongeza: "Baendelee. Ile neno tu, hapana."

Wote wakanitazama. Papa, ndipo nilipoukumbuka mkono wako na ule ubishi wako wa kila siku: "Ukibadilisha jina, utabadilisha na kitu." Ningeweza kuomba siku mbili za kufikiri. Ningeweza kusema nitawauliza wanafunzi. Nilisema: "Ndiyo, Maman. Hatutalisema tena." Nilisema hivyo mbele ya watu, na sirudi nyuma.

Sasa tunasema mwendo. Mwendo wa kwanza, mwendo wa pili. Mwanafunzi wako Hamisi ameacha kuja, anasema tumegeuka watu wa jimnastiki. Jumatatu iliyopita mimi mwenyewe niliteleza, nikatoa nusu ya neno, nikaumeza ulimi. Upande wa pili wa ukuta, sufuria zilizokuwa zinagongana zikanyamaza. Nilizunguka kwenda kuomba msamaha. Hakufungua. Alisema kupitia mlangoni: "Nimesikia. Enda fundisha." Nikarudi kufundisha.

Nimekukasirikia, mwalimu. Nakupenda na nimekukasirikia, kwa kuwa mama wa watu alikuja mara mbili na tukacheka. Ukitaka nawe unikasirikie, nikasirikie.

Kwaheri, Papa Saidi. Mungu akurehemu na akupanulie kaburi lako. Nakuahidi mengine yote yatabaki ulivyoyaacha: tutavua viatu mlangoni, tutafagia kabla na baada, tutasalimu upanga kabla ya kuushika, na anayechelewa ataendelea kukaa nje. Neno hilo moja tu, lilale na wewe.

Mwanafunzi wako,
Zaina