Sanduku la Safari ya Meli

3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia na maji ya bomba hayakatiki kama zamani. Sisi huku tuko salama. Shemeji yako anakusalimia sana.

Najua umeshaangalia mwandiko, ukaangalia na mzigo ulioletwa na kondakta wa basi, ukasema, huyu naye kakumbuka nini leo. Simu zangu hupokei, nami sikulaumu. Tangu tumzike mama ni miaka saba, na maneno tuliyoachana nayo pale makaburini kila mmoja anayajua.

Nina ombi moja. Shemeji yako amepata nafasi kwenye meli ya kitalii. Tunapanda Jumamosi tarehe 22, siku kumi na mbili baharini, halafu tunarudi bandari ile ile. Mimi, dada, ambaye hata mtumbwi sijawahi kupanda! Nimekuletea nguo zangu zote za safari pamoja na sanduku tupu. Naomba unifulie, unipigie pasi na unipangie. Kila abiria anaruhusiwa sanduku moja tu, na jioni wanataka mtu avae vizuri mezani. Huku madobi wapo, lakini hakuna anayepanga nguo kama wewe. Za kwako mtu akizitoa siku ya tano bado zina mstari.

Tafadhali usinikatalie.

Mdogo wako

*

7 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo ni ule ule, na maji yanakatika kila Jumanne kama kawaida. Mwambie shemeji salamu zimefika.

Umenikera, nakwambia ukweli. Miaka saba kimya, halafu barua ya kwanza inakuja juu ya rundo la nguo! Nilitaka kumrudishia kondakta mzigo wake pale pale. Kisha nikaona lile gauni la bluu la kitani limekunjwa ovyo kama kitambaa cha kufutia meza, nikashindwa. Mimi ndiye niliyekufundisha kukunja, aibu ni yangu.

Basi nimeanza. Nguo nyeupe nimeloweka tangu jana. Za rangi nafua kwa mkono moja moja, kwa sababu lile jekundu linachuja rangi na wewe hujawahi kutenganisha kitu maishani mwako. Lakini niambie, nani anampelekea dobi nguo safi? Nusu ya hizi zimeshafuliwa. Nazinusa, zina sabuni. Umezifua ili nizifue tena? Au unaogopa nikuone mchafu?

Na jambo la pili. Magauni matatu yamepunguzwa kiuno, tena mara mbili, naona alama za mshono wa kwanza. Vifungo vya blauzi zote vimetolewa, zimewekwa zile tepe za kunasana kama za viatu vya watoto. Nani kafanya ushenzi huo? Na wewe uliyekuwa na kiuno cha mtungi, kimekwenda wapi? Unakula?

Dada yako

*

11 Februari

Dada,

Shikamoo, na pole kwa maji ya Jumanne. Sisi wazima kabisa.

Umenichekesha na hicho kiuno cha mtungi, nimecheka mpaka shemeji yako akaja kuniangalia. Nimepungua kwa kutaka mwenyewe, dada. Mtu anakwenda melini, anataka kupendeza. Tepe ni za kurahisisha mambo, siku hizi ndiyo mtindo. Na hizo nguo nilizifua tu kwa sababu nilikuwa na nafasi. Usinichunguze kama askari.

Watu wa meli wameshatuletea karatasi ya maelekezo. Kuna siku ya kuvaa meupe watu wote. Kuna ukumbi wa chakula ambao ukivaa kandambili wanakugeuza mlangoni. Kuna hata dobi wao! Unaweka nguo kwenye mfuko, unauacha mlangoni, kesho unazikuta zimefuliwa. Nimemwambia shemeji yako, mimi dobi wangu ninaye.

Naomba sanduku lipande basi la Alhamisi tarehe 20, lifike siku hiyo hiyo jioni. Ijumaa nataka nilifungue nizione, Jumamosi tupande.

Mdogo wako

*

16 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Hali yangu si nzuri, na nitakwambia kwa nini.

Dobi hafui nguo kabla ya kupitisha mkono mfukoni. Nimeshakuta meno ya bandia, nimeshakuta barua za mapenzi, zote nimezirudisha kwa wenyewe na mdomo nimefunga. Jana nimepitisha mkono kwenye mfuko wa ndani wa lile koti lako la kijivu. Nimekuta kibangili cha plastiki cha hospitali, kimekatwa kwa mkasi. Kina jina lako. Kina namba ya wodi. Kina tarehe ya mwezi wa kumi na mbili.

Nimekaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa na sikuinuka mpaka pasi ikapoa.

Sasa nazisoma nguo zako vizuri. Kola za upande wa kushoto zina mafuta ya dawa. Nguo za kulala ni nyingi kuliko za kutembelea. Ukiniambia tena habari za mtindo nitachana barua.

Sanduku liko tayari. Viatu chini, vimejazwa soksi. Suruali juu yake, halafu magauni na karatasi laini kati ya kila mkunjo, lile la bluu juu kabisa kwa sababu utalivaa siku ya kwanza. Nguo za ndani nimeviringisha pembeni. Hakuna chembe ya nafasi iliyopotea. Lakini halipandi basi. Njoo ulichukue mwenyewe. Nataka nikuone kwa macho yangu, uniambie kwa mdomo wako una nini. Ukija na basi la asubuhi unarudi na la usiku. Hutaki kuja, basi nenda huko melini na gauni ulilovaa.

Nakusubiri Jumatano. Nakusubiri Alhamisi. Ijumaa pia nitakuwepo.

Dada yako

*

26 Februari, melini

Dada yangu,

Shikamoo. Leo meli imetia nanga mahali, shemeji yako anashuka kutafuta posta, kwa hiyo naandika haraka na mwandiko utanisamehe. Vidole havikamati vizuri. Ndiyo sababu ya zile tepe.

Sikuja. Ninajua ulinisubiri siku zote tatu, ninakujua, ulikuwa unatoka mlangoni kila basi likipiga honi. Nilikasirika sana, dada. Nimepanda meli na gauni moja mwilini na jingine la kuazima kwa mke wa jirani. Siku ya watu wote kuvaa meupe nilibaki chumbani. Nikakulaani kidogo, halafu nikalia, halafu nikakumbuka ulivyosema lile la bluu liko juu kabisa, nikalia tena.

Ukweli ni huu. Ni tumbo. Walinipasua mwezi wa kumi na mbili wakakuta uvimbe umeshaenea, hakuna cha kutoa, wakanishona. Daktari hakunificha. Shemeji yako akauza gari ili nione bahari nikiwa bado nakaa kitako. Saa saba za basi kuja kwako nisingeziweza, saa moja tu natapika. Melini nimeingizwa kwa kiti cha magurudumu.

Lakini nisikudanganye, hata kama ningeziweza nisingekuja. Unakumbuka ulichosema siku tumemzika mama? Mimi nilifika wakati kaburi limeshafukiwa nusu, wewe ulikuwa umemuuguza miaka miwili peke yako. Ukaniambia mbele ya watu, nimefua mashuka ya mgonjwa mpaka mikono imechubuka na wewe hukuleta hata kipande cha sabuni, sitafua tena ya mtu yeyote, hata yako. Ulikuwa na haki. Nilikuwa ninaogopa kumwona mama vile, nikajificha kwenye kazi.

Basi nikasema, dada asifue tena za mgonjwa. Za kulala zenye madoa niliziloweka mwenyewe usiku na mchana mpaka zikatakata, ndipo nikakuletea. Nilitaka uzishike tu. Uzikunje. Nivae kitu ambacho mikono yako imepita. Nilidhani utaona nguo za likizo. Nilisahau kwamba wewe unaona kila kitu.

Nguo yangu sasa wanaifua hao dobi wa humu. Inarudi imewekwa kikaratasi chenye namba ya chumba. Wanafua vizuri, sina la kusema.

Ukitaka kunijibu, anwani ya wakala wa meli iko nyuma ya bahasha. Barua zao wanazipeleka bandari ya mwisho kabla ya kurudi, tutafika huko tarehe 4, na tarehe 6 asubuhi tuko nyumbani. Usipotaka, sitakulaumu.

Mdogo wako

*

1 Machi

Mdogo wangu, msumbufu wangu,

Marahaba, mama. Barua yako imefika asubuhi hii, na hii yangu inapanda basi la saa nne, kwa hiyo nami naandika ovyo.

Nimekosa. Sijui kuliandika neno hili vizuri kwa sababu sijalizoea. Nimekuwa nikijiambia kwamba nimekuzuilia sanduku kwa mapenzi, kumbe ni kiburi. Nilitaka uje kwa miguu yako unipigie magoti. Saa saba za basi, na mimi nina miguu yote miwili, nina nauli, nina kila kitu. Kwa nini sikulibeba nikaja nalo? Ningefika Alhamisi jioni, ningelala mlangoni kwako, ningekuvalisha mwenyewe Jumamosi asubuhi. Halikunijia hata kichwani! Mtu mzima na mvi zangu, nimekaa na sanduku la mgonjwa kama polisi aliyekamata baiskeli.

Lile neno la makaburini lifute. Nililisema nikiwa nimechoka, na nikaona haya kulirudisha, na miaka ikapita. Mama mwenyewe angekuwepo angenipiga kofi. Ulichelewa, ndiyo. Uliogopa. Hata mimi niliogopa, ila mimi nilikuwa naishi mle ndani na sikuwa na pa kukimbilia.

Mashuka yako nitayafua. Usiloweke kitu tena, unasikia? Niachie na madoa yake. Nikikuta umefua hata leso tutagombana upya.

Tarehe 6 nitakuwa bandarini kabla meli haijafunga kamba. Nimefunga duka, wateja nimewaambia watafute dobi mwingine, wengine wamenuna na wanune. Nakuja na sanduku lako, na nguo zangu nimezitia kwenye mfuko wa rambo kwa sababu sanduku langu mwenyewe sina. Nitakaa kwenu. Shemeji akinichoka aseme, lakini siondoki.

Kula hata uji. Nakuja.

Dada yako

*

6 Machi, bandarini

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali.

Meli imefika saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimesimama mbele kabisa, wale wa usalama wamenisogeza nyuma mara mbili na mara mbili nimerudi. Watu wakashuka na kofia zao na mizigo yao, wengine wanacheka. Nikahesabu viti vya magurudumu. Vilikuwa vinne, na kila kimoja nilikisogelea, na kwenye kila kimoja alikuwa mama wa mtu mwingine.

Shemeji ameshuka wa mwisho. Ameniona akasimama mbali, na mimi nikajua, maana mtu mwenye habari njema hasimami mbali. Amesema ni jana kabla ya adhuhuri. Ulikuwa umekaa nje kwenye upepo, ukamwomba maji, alipoleta ulikuwa umelala. Bado uko humo ndani, wanatafuta mtu wa kusaini makaratasi. Hawajaniruhusu kupanda. Nimewaambia mimi ni dada yake, wameniambia nisubiri kwenye benchi.

Nimemuuliza shemeji mashuka uliyolalia yako wapi. Nafikiri ameniona nimerukwa na akili. Amesema watu wa meli wameshayatoa, wameyachukua na mengine, hajui yamekwenda wapi.

Amenipa bahasha. Amesema uliiandika tarehe 4, ulipopata barua yangu, ukamkataza asiisome. Iko mapajani mwangu tangu saa tatu na sasa ni saa saba. Nimeona nikuandikie kwanza, kwa sababu nikishaifungua na kuisoma hutakuwa na neno jipya la kuniambia.

Sasa naifungua.

Dada yako

*

4 Machi, melini

Dada,

Shikamoo, shikamoo tena.

Nimepata barua. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, abiria wa chumba cha pili akagonga ukuta. Polisi aliyekamata baiskeli! Mbavu zinauma kwa kucheka na daktari wa humu ananikodolea macho.

Uji nimekunywa, nusu kikombe, na umekaa. Shemeji yako ameandika kwenye karatasi saa na dakika kama ushahidi.

Siloweki kitu. Tangu asubuhi nimeyaacha mashuka yote kama yalivyo, nakutunzia wewe kazi.

Ukiniona usilie mbele ya watu, nitalia na mimi na sina nguvu ya kulia nimesimama. Sura yangu imebadilika, nakwambia mapema usije ukanipita ukatafuta mtu mnene. Mimi ndiye nitakayekuwa nimejifunga kilemba cha njano.

Na usinishike mkono, dada, unauma walipochoma sindano. Nishike kiunoni. Nataka nishuke ngazi zile kwa miguu, hata tatu za mwisho, na nisipokuwa na mtu wa kunishika kiunoni nitaanguka.

Ni keshokutwa tu.

Mdogo wako