Stovu Inawaka, Mbaazi Zinaiva Kwingine

Bi Nabiha, baada ya salamu na maamkizi, kwa niaba ya nyumba yangu hapa Ndia Kuu natangaza kwa masikitiko makubwa kwamba stovu yetu ya mafuta ya taa, ile ya tambi kumi, imeacha kupika tangu mwezi wa Shaaban. Matanga hakuna, wala watu wasijisumbue kuja kutupa pole. Mtaa wenyewe haujui, na hapo ndipo naomba unisaidie.

Mimi ni mtu wa miaka hamsini na minne, tumbo limenitangulia, nauza mbaazi za nazi barazani kwangu kila asubuhi. Marehemu baba alikuwa na duka la mafuta ya taa Bondeni, akiyapima kwa kopo kutoka kwenye pipa, na serikali ya siku zile iliishikilia bei ya mafuta yale isipande, hata maskini akaja na chupa ya soda akarudi nayo imejaa, na sisi watoto wake tukajulikana chuo cha Kurani kwa harufu kabla hatujatoa salamu, na mama akipika huku akijiimbia, moto wa stovu buluu kama kitenge kipya, na hadi leo nikiisikia harufu ile, Bi Nabiha, naona kama naitwa kula.

Sasa binti yangu Maisara, kwa mshahara wake wa kwanza, akatuletea sufuria ya umeme, kwa sababu mamake, Sheikha, ana kifua, na moshi wa mafuta ndio unaomtesa. Mbaazi zikawa zinaiva kabla sijamaliza gazeti. Nikafurahi. Siku ya tatu mteja wangu Khubaib, fundi wa milango, akaonja akakunja uso.

"Yakhe Jaffar, mbaazi hizi zimepooza. Ile harufu ya stovu i wapi?"

Badala ya kumwambia ukweli, kesho yake nikaiwasha stovu kando ya mlango, tupu, bila chochote juu yake, ili mtaa unuse. Khubaib akalamba vidole. "Ehee! Mbaazi ni za mafuta bwana, hayo mengine ni ujanja wa wenye maduka!"

Tangu hapo naiwasha kila asubuhi, kwa mafuta yasiyoisha kupanda bei, napasha moto hewa. Na sasa maafisa wanakuja Alhamisi kusikiliza maoni ya mtaa: pesa za serikali zishushe bei ya mafuta ya taa, au ziwasaidie watu kupata sufuria za umeme na sola. Mtaa umenichagua mimi niyatetee mafuta, kwa vile nina ulimi na ni mtoto wa muuza mafuta. Nikikiri nitachekwa kutoka hapa hadi Feri. Na jirani yetu Sidi, mjane anayepikia stovu kwelikweli, ananitegemea niseme bei ishuke. Jana Sheikha alikohoa mpaka akakaa chini, kisha akaniambia, "Baba Maisara, mtoto ameniondolea moshi kwa mshahara wake, nawe wanirudishia kwa pesa yako." Alhamisi niseme nini?

Jaffar, Ndia Kuu

Bwana Jaffar,

Nimecheka, kisha nikaona haya kwa kucheka, maana kuna mwanamke hapo anayekosa pumzi kwa ajili ya sifa za mbaazi.

Unamkumbuka babako, na hilo si la kuonea aibu. Lakini yeye aliuza mafuta watu wapikie, hakuuza watu wanuse. Unataka serikali itie pesa kwenye kitu ambacho wewe mwenyewe hukipikii? Wala usijifiche nyuma ya Sidi. Bei ikishuka atapata nafuu, kweli, na moshi atabaki nao. Siku ikipanda tena atarudi palepale. Usije pia ukasimama ukamwambia aache stovu, wakati hana kingine. Waambie maafisa waanze na watu kama yeye: sufuria kwa bei anayoimudu, umeme wa kuitumia, na hadi hapo wasimwongezee bei ya mafuta.

Leo, kabla ya Adhuhuri, izime hiyo stovu. Mwombe mkeo radhi, na utani uweke kando. Mwite Sidi apike maharagwe yake kwako, aone kwa macho. Alhamisi sema yaliyomo jikoni mwako. Khubaib akitaka harufu, mpe kibatari anuse.

Bi Nabiha

(Jibu hili tulimsomea Bwana Jaffar kwa simu kabla ya mkutano. Jumamosi alituletea haya.)

Bi Nabiha, kusema kweli, ushauri wako niliufuata nusu. Stovu niliizima. Radhi niliomba, Sheikha akasema atafikiri. Sidi alikuja akapika kwenye sufuria ya umeme, akaenda zake na maharagwe yake. Lakini niliposimama mbele ya ule umati nikaanza habari za duka la baba, watu wakapiga makofi, wazee wawili wakafuta macho, nami nikaketi bila kuitaja sufuria. Ndipo Sidi akainuka upande wa wanawake.

"Bwana Jaffar, mwambie afisa mbaazi zako zapikwa na nini, au nimwambie mimi?"

Nikasimama tena, nikayatoa yote, pamoja na ile stovu tupu. Walicheka, naam, na Khubaib akanitazama kama mtu aliyeibiwa. Afisa akamuuliza Sidi anataka nini.

"Mafuta yasipande mpaka niipate ile sufuria. Nikishaipata, fanyeni mpendavyo na mafuta yenu."

Afisa akaandika. Kama watatenda, sijui.

Wateja wamepungua karibu nusu, na Khubaib hajaonekana. Leo Sheikha ametoka kuketi nami barazani, jambo ambalo hajalifanya tangu mwaka jana, na asubuhi nzima tumezungumza habari za mama yangu, bila yeye kukohoa hata mara moja.