Baragumu la Yitbarek

Shoga, acha unachofanya usome. Nimetoka kwa Yitbarek sasa hivi!

Si yule kijana wetu aliyehama kituo chetu cha yatima jana, tukampangia chumba kwa Mama Woinshet? Mwaka mzima nimemfundisha kupika, kufua, hadi kulipa umeme. Nikajidai kaiva.

Leo kanialika chakula cha mchana. Mchuzi wa shiro tayari, mkate wa injera tayari, mikono nimeshanawa. Mara akachomoa baragumu uvunguni, lile la mpishi wa kituoni la kuitia watoto chakula, zawadi ya kumuaga. Akatoka uani akalipuliza. PAAAA!

Baragumu, shoga! Mtaani kwetu, ambako likilia kuna msiba!

Kufumba na kufumbua ua umejaa. Akina mama na shuka nyeupe za kilio, wanaume na hema la chama cha mazishi. Mama Woinshet analia, "Nani katutoka? Nani?"

Kijana kaduwaa. "Hakuna, mama. Chakula kimeiva."

CHAKULA! Nikatamani ardhi inimeze. Nikajua leo virago vyake viko nje.

"Unampulizia nani, na unaishi peke yako?" Mama kamkaripia.

"Tangu jana nimejaribu kula bila kupuliza, mama. Hakipiti."

Mama akampokonya baragumu, akalitia kwapani, akakaa kula kwenye sinia. Waombolezaji nao wakakaa. Shiro hata sikuionja!

Mama anaondoka, akageuka mlangoni: "Hapa kwangu mtu huitwa kula kwa jina lake. Kesho nikiita Yitbarek, usinichelewee."