Chatu wa Bwana Projestus

Temeke, Dar es Salaam
12 Aprili 1953

Mpendwa mdogo wangu Kasiani,

Haya, tuendelee palepale, maana ile barua ya juzi niliifunga mchele unaungua. Lakini kwanza, hujambo? Kifua kimepoa? Mvua zimefika huko Kilosa? Sie huku wazima. Mjukuu wetu Anjelina kaota meno, shemeji yako Fransis yupo na vinyago vyake na kikohozi chake.

Basi nilikuwa nakwambia habari za jirani yetu Bwana Projestus, yule Mhaya muuza kahawa. Kwenye ukoo wao chatu akiingia nyumbani hapigwi. Ni mgeni wa baraka. Anawekewa maziwa, halafu mwenye nyumba anambeba kwa mikono yake mpaka porini.

Siku hiyo mkewe, Kokuberwa, kaenda kuchukua kuni, kaona nyoka mnene kajikunja, mgongo una marembo. Kamwita mumewe. Projestus huyo, kanzu nyeupe, bakuli la maziwa mkononi. "Karibu, babu!" anamwambia nyoka. Uani wote tumejaa kutazama.

Bi Tunu, Mzaramo wa nyumba ya pili, kachungulia, kapiga kelele: "We Mhaya! Huyo kifutu! Hebu mtazame, mfupi, kichwa kipana, mkia kama kidole. Chatu gani huyo?"

"Bi Tunu, chatu nimekua naye nyumba moja."

"Umekua na wengine. Huyu mmeonana leo!"

Tukacheka jamani, na mwenyewe anacheka huku anainama. Nyoka akapumua fuuu kama mvukuto wa mhunzi, na palepale kamng'ata mkono.

Kasiani, mkono ulivimba ukawa kama paja. Tukampakia kwenye mkokoteni wa maji, mbio hospitali, Kokuberwa anamfuta jasho njia nzima. Mungu mkubwa, kapona. Ila kidole gumba wamekikata.

Sasa wewe! Umeniandikia eti huko kwenye mkonge mnashika nyoka kwa mkia mnatishiana, eti "huyu hana sumu". Nani kakwambia? Wa kwetu Masasi unawajua, sikatai. Hao wa Kilosa umewajulia wapi? Usiyemjua muulizie kwa wenyeji kwanza, mikono iweke nyuma. Mama katuacha wawili tu, mdogo wangu. Ukienda wewe, mie nitamwambia nani maneno yangu haya yote?

Nisalimie mkeo Felicitas, mwambie kanga yake ninayo. Yule rafiki yako Benedikto naye msalimie, aache pombe. Mungu akutangulie kila unapotia mguu, na kila unapotia mkono zaidi...

Ngoja, naitwa. Ni Projestus, yuko jikoni kwake anapiga mayowe: "Dada Mauwa! Mwite Bi Tunu aje amtazame huyu! Sijamgusa! Sijamgusa!"

Nakimbia.

Ni mie dada yako, nikupendaye kuliko unavyojua,
Mauwa