Msipikie Kwenye Sufuria Kubwa

Editha, mwambie mama yako asipikie kwenye sufuria kubwa. Nimechemshia humo nyuzi za gitaa langu la besi, maji yakatoka meusi. Nimeisugua kwa majivu, bado inanuka chuma. Na kuku hawajapewa maji.

Juzi ulisema, "Baba, nikusomee pakiti." Nikakujibu nilianza kupiga besi kabla hujazaliwa. Madukani siku hizi kuna nyuzi za kila namna, nami nikachagua zinazong'aa, laini, kwa sababu dole gumba linaniuma. Asubuhi nimezijaribu. Ukizigonga kwa dole hazilii, utadhani unapiga godoro lililokojolewa. Mama yako alicheka mpaka akamwaga chai. Za kugonga ni zile zenye mikwaruzo, kama zangu kuukuu nilizozitupa stoo. Ndipo nikazichemsha zitoke jasho la miaka miwili, kama tulivyofanya enzi za foleni, wakati nyuzi hazipatikani.

Kiongozi wa bendi yetu, Rogers, amenunua kinanda chenye sauti ya besi ndani yake. Leo mazoezini Msamvu tunashindanishwa, mimi na hicho kinanda. Nikishindwa, sina bendi. ~~Wala sijali.~~ Naogopa.

Zile laini ziko kabatini. Soma pakiti, uniambie ni za nini, lakini si mbele ya mama yako.

Nikirudi kabla ya saa kumi, msiniulize kitu. Nikichelewa, niwekeeni ubwabwa. Wa sufuria nyingine.

Baba yako, mjuaji