Majenerali Wangu na Mume wa Kwanza wa Kukhu

Alhamisi, Julai 2009. Doha.

Tumeamka na vumbi. Hata jengo la jirani silioni. Saa tisa alasiri basi la kampuni litatuchukua kwenda West Bay, ambako mimi ni mlinzi wa hoteli. Nina saa mbili za kuandika. Zinatosha, nikiacha uoga.

Kwa asiyeijua hadithi yangu: ni mwaka 1938, na majenerali wa Ujerumani wanapanga kumpindua dikteta wao kabla hajaanzisha vita. Niliianza kwa kujifurahisha tu. Kila Ijumaa humsimulia Kukhu, nyanya yangu, kwa simu hadi Bungoma. Macho yake yamekwisha ila masikio bado makali, na majenerali wangu wamemchosha. Kila wiki wanakutana, wanaapa, kisha wanarudi nyumbani kula.

"Mbona hawamshiki?" aliniuliza Ijumaa iliyopita. Halafu, kwa sauti ya chini: "Wakimshika, si Makokha hataenda Burma?"

Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo.

Makokha alikuwa mume wake wa kwanza. Walikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa Waingereza walipomchukua kwenda Burma, katika Vita vya Pili vya Dunia, na hakurudi. Mdogo wake akamrithi Kukhu kama desturi ilivyotaka, wakamzaa baba yangu. Huyo mdogo mtu ndiye babu aliyenilea, aliyenichongea gari la mbao. Lakini watoto walihesabiwa kuwa wa marehemu. Ndiyo maana kitambulisho changu kinasema Makokha, jina la mtu ambaye nyumbani hatuna hata picha yake.

Baba, aliyekuwa kando yake Ijumaa hiyo, alisikia swali la Kukhu, akachukua simu akatoka nayo uani. "Hiyo hadithi wachana nayo. Ukimrudisha huyo, mimi nitatoka wapi?" Alicheka, ila namjua baba yangu akicheka kweli.

Wiki nzima nimekuwa mwoga kuliko majenerali. Nimewawekea mvua, barua iliyonaswa, gari lililokataa kuwaka, chochote cha kuwachelewesha. Nilijiambia namlinda baba.

Uongo. Naogopa dunia ambayo mimi simo na Kukhu ana furaha.

Zaidi ya miaka sitini amemlilia Makokha kimyakimya, akiwa na mume mwema ndani ya nyumba, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Mimi pia sikuuliza.

Basi leo nimewaingiza majenerali ofisini mwa dikteta. Jenerali mzee anamwamuru asimame. Anasimama. Ukurasa mmoja tu, baada ya miezi mitano ya kuzungukazunguka! Kisha nikahamia Bungoma, ambako hakuna lori lililokuja kuchukua vijana. Makokha anapalilia mahindi. Mdogo wake anamletea maji, babu yangu, ambaye hapo si babu wa mtu yeyote ninayemjua. Nililia, na sioni haya kusema.

Nikampigia baba nikamsomea yote.

"Mpe Makokha na watoto," akasema. "Kesho mimi ndiye nitamshikia simu."

Nimewaongeza. Watatu, na wa kwanza nimempa jina la baba. Basi linapiga honi na bado sijavaa viatu, lakini sibadilishi neno.

Kesho, kwa Kukhu, hakutakuwa na vita.