Jumamosi za Kutembelea Wagonjwa

Kalemie, tarehe 4 Novemba

Kwako dada yangu Denise, huko Pepa,

Amani ya Bwana Yesu ikae nyumbani mwako, kwa Papa Ghislain na kwa watoto wote. Nauliza kwanza habari za mgongo wako, kama dawa uliyopewa ilikusaidia, na habari za baridi ya huko juu, maana najua mwezi huu upepo wa Marungu hauna huruma. Sisi huku tuko wazima wa mwili. Mvua imeanza, ziwa limepanda tena mpaka kwenye nyumba za chini, na majirani wawili wamehamishia vitanda vyao kwa ndugu. Kwangu maji hayajafika. Maharagwe na siagi uliyompa Alphonse dereva vimefika salama. Maharagwe nimewagawia hao majirani. Siagi bado iko vile ulivyoifunga. Sijaweza kuila, na mbele ya kumaliza barua hii utajua sababu.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Rezo ya simu huko Pepa inasumbua, ni kweli, lakini hiyo siyo sababu. Kwenye simu ningesikia sauti yako, ungecheka kidogo kama kawaida yako, nami ningepata njia ya kuongea mambo mengine.

Dada, barua yako imenifikia. Umenishukuru kwa kumkemea binti yako Glodie. Umesema mama mwingine angefunika, lakini mimi, kwa kuwa namcha Mungu, sikumwonea huruma ya uongo. Umeniomba msamaha kwa ajili yake. Kisha umeniambia kwamba tangu arudi huko hujamwita kwa jina lake, anakula peke yake jikoni, na utafungua kinywa chako kwake siku atakapopiga magoti mbele ya familia nzima.

Acha nianze na yale unayoyajua, kama ulivyoelezwa. Siku matokeo ya mtihani wa Serikali yalipotoka, Glodie alipata asilimia sitini na nne. Wenzake walimmwagia poda kichwani mpaka kwenye nyusi, wakamzungusha kata nzima wakiimba. Ilikuwa Jumamosi mchana. Kutoka hapo kundi lao likaenda kwenye terasi moja ya kando ya ziwa, upande wa Lukuga, mahali wanapouza bia na kupiga muziki, na Glodie akacheza. Mtu wa kuaminika alimwona, akamwambia Pasta Kyungu. Binti wa kwaya, tena anayekaa katika nyumba ya présidente wa wamama. Hivyo njo ulivyoambiwa, na hakuna uongo ndani yake isipokuwa mmoja, nao nitaufikia.

Wazee wa kanisa walimwita Jumatano. Mimi nilikuwa nimekaa nao, kwenye kiti changu. Hakukataa. Alisema alicheza kwa sababu alifaulu, na kwamba alikunywa Fanta. Mzee Pierre, ambaye hapendi kitu kiishe nusu, akamuuliza kama alimwona mtu mwingine wa kanisa kule. Glodie aliinua macho akaniangalia mara moja tu. Macho yake hayakuwa ya hasira. Akasema, "Hapana, baba. Sikuona mutu."

Wakamtoa kwenye kwaya kwa miezi sita. Ile barua ya kanisa ya kumpendekeza kwenye shule ya wauguzi haikusainiwa. Baada ya siku nne alipanda gari la Alphonse na begi lake moja. Mimi nilisimama mlangoni nikamwombea safari njema kwa sauti ya juu, majirani wakisikia.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu yangu kufundisha wamama. Somo lilikuwa anasa za dunia. Nililijua vizuri, nimelifundisha miaka mingi: kwamba raha ya dunia inamwita mtu kwa jina tamu, inamkalisha mezani, na akiinuka anajikuta na njaa kuliko alivyoingia, kwamba moyo uliumbwa kwa ajili ya Mungu na hakuna kingine kitakachoujaza. Nilisema yote hayo. Nikamtaja Glodie kama mfano, bila jina, lakini nani hakujua? Mama Odile alilia. Walikuja mmoja mmoja kunishika mkono. Nami nilikuwa najisikia kama redio iliyoachwa inaongea katika nyumba isiyo na watu.

Sasa nifikie ule uongo. Denise, hakuna mtu wa kuaminika. Aliyemwona Glodie ni mimi. Nilikuwa kule.

Wala sikupita njia. Nilikuwa nimekaa meza ya pembeni na bia mbele yangu, na karibu yangu alikaa mwanaume anayeitwa Florent, mfanyabiashara wa Kabalo, mwenye mke na watoto huko Kabalo. Tangu mwezi wa pili nilikuwa nakwenda pale karibu kila Jumamosi. Unakumbuka nilikuandikia kwamba siku hizi Bwana amenipa huduma ya kutembelea wagonjwa hospitalini? Glodie pia nilimwambia hivyo. Kila nikirudi aliniuliza mgonjwa anaendeleaje, nami nilimtungia habari: huyu amepata nafuu, yule bado homa.

Sitakudanganya nikisema haikuwa tamu. Ilikuwa tamu. Tangu mume wangu Valère afariki, hakuna mtu aliyeniita Micheline. Nilikuwa mama wa watu wote, présidente, mjane wa cheminot, mtu wa reli. Florent aliniita Micheline, akaniuliza napenda muziki gani. Mara ya kwanza nilicheza wimbo mmoja nikarudi nyumbani mwepesi kama msichana. Mara ya tatu nyimbo mbili hazikunitosha. Kufika mwezi wa sita, Ijumaa ilikuwa ndefu kwangu, Jumamosi fupi, na Jumapili asubuhi, nikifunga kitambaa cha wamama kichwani, sikuwa na kitu ndani, hata majuto. Siku moja Florent alinigeukia katikati ya kicheko akaniita Joséphine. Hakujua amekosea. Hata baada ya hapo nilikwenda tena.

Siku ya matokeo nilikuwa nacheza naye, mkono wake kiunoni mwangu, wale watoto walipoingia na poda yao wakipiga kelele. Niligeuka nikakutana na macho ya Glodie. Alisimama kidogo. Kisha wenzake wakamvuta na yeye akacheza, mgongo wake kwangu, muda wote mgongo wake kwangu, ili mimi nipate kutoka. Nilitoka kwa mlango wa nyuma.

Aliporudi nyumbani alikuwa amenawa uso. Alinisalimu kwa heshima, akanichemshia maji ya kuoga, akapika ugali na samaki wa mikebuka. Nilingoja aniulize habari za mgonjwa, kama kila Jumamosi. Siku ile hakuuliza. Kumbe kutouliza kule kulinitisha kuliko kama angepiga kelele barabarani. Tulikula. Nikasema nimefurahi kwa asilimia zake. Akasema asante mama.

Kesho yake, baada ya ibada, nilimfuata Pasta Kyungu kwenye biro yake. Nilifikiri hivi: nikimshtaki mimi kwanza, lolote atakalosema baadaye litaonekana kama kisasi cha mtoto aliyekemewa. Hayo niliyapanga wakati wa mahubiri, nikiwa na Biblia wazi magotini. Wala Glodie hakuwa na nia ya kusema. Kama angependa kunivunja, Mzee Pierre alimfungulia mlango, naye akaufunga.

Nimejiuliza ni kitu gani nilikuwa nalinda. Siyo Florent, amerudi Kabalo na sijui kama anakumbuka jina langu la kweli. Siyo bia. Ni kile kiti cha mbele, dada. Ni wamama kusimama nikiingia, ni kupewa mikrofoni, ni barua kama zile zako zinazoniita mcha Mungu. Katika masomo yangu yote juu ya anasa, hiyo sikuitaja hata siku moja, kumbe njo niliyoipenda kuliko zote, na kwa ajili yake nilimtupa mtoto uliyenikabidhi kwa mikono yako miwili.

Barua yako ilipofika, nilikwenda kwa Pasta nikamwambia yote. Akasema tuombe pamoja, na jambo liishe kati yetu wawili, kwa heshima ya kanisa. Nilimjibu kwamba Glodie hakupewa nafasi ya kuishia kati ya watu wawili. Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya wote nikasema: mimi nilikuwa kule, yeye aliniona, alinisitiri, na mimi nilimshtaki. Hakuna aliyesema amina. Mama Odile alichukua kitabu cha majina ya wamama kilichokuwa mikononi mwangu, akatoka bila kunisalimu, na simlaumu.

Wazee wamefuta adhabu ya Glodie, na barua ya mapendekezo imesainiwa. Alphonse amebeba nakala pamoja na hii. Lakini nilikwenda mwenyewe kuuliza kwenye shule, nikaambiwa wameanza tangu mwezi wa kumi na hawapokei mtu tena mpaka mwaka ujao. Mwaka mmoja wa mtoto wako nimeuchukua, na sina namna ya kuurudisha.

Nakuomba jambo moja tu. Ukimaliza kusoma, mbele ya kufanya kazi nyingine yoyote, mwite Glodie kwa jina lake. Umpe barua hii aisome yote, hata sehemu za aibu yangu, na wale waliosikia habari zake huko wasikie na hizi. Asinitetee tena. Kwake yeye siandiki, kwa sababu maneno yangu ameshayasikia mengi mno, mazuri yote.

Alphonse anapanda tena Pepa tarehe kumi na mbili, na nimemwomba aniwekee nafasi. Nitakuja kupiga magoti mimi. Ukiona ni vema usinifungulie, sitagonga mara mbili. Nitawasalimu nikiwa nje ya ua, halafu nitakwenda kungoja gari barabarani.

Msalimie Papa Ghislain, ingawa najua salamu yangu itakuwa nzito kwake. Wasalimie wadogo. Mungu akuangalie mgongo.

Ni mimi,
Micheline